Kikao cha Jumapili na haya maneno ya korona

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Tangu juzi Jumatatu, tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu atangaze mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, simu yangu haipoi. Naomba tupunguze hizo sauti za kusambaziana. Eti joto la Mwanza linaua kirusi! Tangawizi na limao kunyweni, mimi mwenyewe nakunywa, ila si dawa ya korona.

Tena tusinyoosheane vidole. Mgonjwa yule alitoka Ubelgiji akafikia Arusha, halafu jana mtu kafukuzwa kwenye mizani hapa sokoni Mwaloni kwa kukohoa. Vumbi la magunia ya dagaa, nani hakohoi?

Kikao: najua wengine mnasema Mungu atatulinda, wengine tuvunje kabisa. Nimeamua hatukusanyiki chumbani. Hisa tumeni kwa mhazini kwa simu. Asiyeweza ampelekee mezani, mmoja mmoja.

Ndoo ya koki ipo mlangoni. Sabuni ya kwanza ilitoweka kabla ya saa nne (aliyeichukua anajijua). Ya pili nimeifunga kwenye kipande cha wavu, na fundo ni la kivuvi.

Watoto nao, shule zimefungwa siku 30, msiwalete sokoni.

Katibu