Bei ya leo isiguse mauzo ya jana: kupanga majedwali ya duka la vifaa vya ujenzi

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akitupigia simu, mara nyingi anataka "mfumo wa mauzo" na anauliza bei. Kabla ya kutaja bei tunaomba atutumie picha za daftari lake, au faili lake la Excel kama analo.

Faili la kawaida lina mstari wenye tarehe, jina la mteja, simu, bidhaa, idadi, bei na jumla. Mteja akichukua vitu vitano, jina na simu vinaandikwa mara tano. Fundi yuleyule leo ni "Salum", kesho "Salumu fundi", wiki ijayo "Fundi Salum Mbagala", na namba yake imepoteza sifuri ya mwanzo kwa sababu Excel imeidhania ni hesabu. Siku ya kudai mali kauli, deni lake limetawanyika kwa watu watatu.

Hifadhidata ya majedwali, wazo alilolitoa Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, inaanzia hapo: jambo moja liandikwe mahali pamoja. Wateja wana jedwali lao, kila mmoja na namba yake ya utambulisho. Bidhaa zina lao. Mauzo yana lao: namba ya risiti, tarehe, namba ya mteja, na aliyeuza. La nne ndilo husahaulika, nalo ni mistari ya risiti. Risiti moja ina saruji mifuko 10, nondo za milimita 12 na misumari kilo 3. Kila kimoja ni mstari unaotaja risiti yake na bidhaa yake kwa namba. Ukiweka safu za "bidhaa ya 1, ya 2, ya 3" kwenye jedwali la mauzo, utakwama siku mtu anakuja na orodha ya vitu 14 vya kupaulia.

Sasa bei, na hapa huteleza hata waandishi wa programu. Kwa kushika kanuni ile kichwakichwa, wanaiacha bei kwenye jedwali la bidhaa peke yake. Tuseme saruji ilikuwa 16,000, ikapanda hadi 17,500. Unabadilisha bei asubuhi, na jioni ripoti ya mwezi uliopita nayo imepanda! Inaonyesha faida ambayo hukuipata, na hailingani tena na risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) ulizokwisha kutoa. Kwa hiyo bei iliyouzwa inanakiliwa kwenye mstari wa risiti saa ileile ya kuuza, pamoja na bei ya kununulia na kiwango cha VAT cha siku hiyo. Huko si kurudia jambo. Bei unayotaka kuuzia leo ni kitu kimoja. Bei mliyokubaliana na mteja yule, baada ya kupatana, ni kingine.

Stoo nayo tunaishughulikia hivyohivyo. Hatupendi kisanduku kimoja kilichoandikwa "zimebaki 84", kwa sababu kila mtu anaweza kukifuta na kuandika chake. Tunaweka jedwali la mienendo: mzigo umeingia, umeuzwa, umerudishwa, umehamia tawi lingine, saruji imeganda. Kilichobaki hupatikana kwa kujumlisha. Ukihesabu stoo ukakuta pungufu ya mifuko 6, unaandika marekebisho, sababu na jina lako, na historia inabaki.

Vipimo vina shida zake: misumari inaingia kwa katoni na kutoka kwa kilo au robo, nondo unanunua kwa tani na kuuza kwa kipande. Chagua kipimo kimoja cha kuhifadhia kila bidhaa, kingine kikokotolewe. Na kila safu ina aina yake ya data: pesa ziwe desimali, simu iwe maandishi ili sifuri ya mwanzo isipotee.

Programu ya kuendeshea hifadhidata yenyewe haina gharama. MySQL na PostgreSQL ni za bure, na duka la kompyuta moja linatosheka na SQLite. Kinachokula muda ni kuhamisha daftari la madeni, maana lazima mwenye duka akae nasi kusema nani ni nani. Kazi hiyo tunaitoza kando, na kwa kawaida tunahamisha madeni ambayo hayajalipwa tu. Risiti za zamani zinabaki kwenye faili zake kabatini.