Asante, dada msusi wa Kondele

Dada wa saluni pale Kondele, Kisumu, sisi wateja wako tunakushukuru. Kabla ya kufungua dawa ya kulainisha nywele, unauliza kwanza kama mtu amejikuna, kwa kuwa ngozi iliyochubuka huungua upesi. Unapaka Vaseline kwenye ukingo wa nywele na masikioni, kisha dawa inaingia kwenye nywele changa za mzizini tu. Zilizokwisha lainishwa zikirudiwa hukatika. Saa huiondolei macho. Na ule uoshaji wako! Maji ya vuguvugu mengi, halafu shampuu ya kuua nguvu ya dawa, mara 2 au 3, mpaka povu lisigeuke pinki tena, dalili kwamba dawa imetoka. Wengi huharakisha hapo, na dawa iliyobaki huendelea kula nywele. Mungu akubariki sana.