Tuta bila mlango wa maji ni hasara kwa wakulima wa Sabaki

Mhariri,

Ripoti yenu ya mafuriko ya mto Sabaki, ile yenye picha ya mahindi yaliyozama hadi kwenye mbelewele, imenitoa katika kimya cha miaka mingi. Mwandishi wenu amewaita wakulima wa ukingoni wakaidi, kisha akapendekeza ama wahame, ama wajengewe tuta refu la kuzuia mto. Hakuuliza maji yakishaingia shambani yatatokea wapi. Hilo ndilo swali, na kulikwepa kunatugharimu kila msimu.

Mto huu huanzia bara karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukakutana na Tsavo ukawa Galana, na kwetu ukafika ukiwa Sabaki. Mvua inayotuzamisha mara nyingi hainyeshi Malindi. Tuliona 1997, tukaona 2018, kisha El Niño ya 2023 na masika ya 2024. Watu hurudi bondeni kwa sababu tope lile ndilo rutuba. Mchanga ulio juu ya bonde haushiki maji wala mbolea. Maji ya mto yakipita siku moja au mbili na kuondoka, mahindi mengi hupona. Yakituama siku nne au tano, mizizi hukosa hewa na mmea hufa. Na yanapokauka polepole juani huacha chumvi iliyovutwa kutoka chini. Kwa hiyo adui ni maji yasiyo na njia ya kutoka.

Tuta tulilojengewa kwa pesa za mradi mmoja huku chini, karibu na mto unapoingia baharini, ni ushahidi. Lilifanywa kwa mchanga mtupu uliochotwa miguuni mwa tuta lenyewe, na shimo likaachwa wazi, kwa hiyo maji yakapata njia fupi ya kupenya chini. Udongo wa tuta huchotwa mbali, uwe na mfinyanzi ndani yake, umwagwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, na kila tabaka lishindiliwe kabla ya jingine. Unyevu hupimwa kwa mkono: ukiufumbata udongo ushikane, lakini usitoe maji. Ubavu wa upande wa mto ulale mita 3 kwa kila mita 1 ya kimo, na upande wa shamba mita 2. Juu ya alama ya maji makuu iachwe nusu mita. Hakuna lililofanywa. Mto ulipopanda, maji yakaanza kububujika upande wa ndani pamoja na mchanga, na vijana wakaambiwa wazibe kila bubujiko kwa magunia. Ni kosa la hatari! Ukiziba hapa, maji hutokea pale. Bubujiko huzungushiwa magunia mfano wa ukingo wa kisima, na ukingo hupandishwa mpaka maji yatoke maangavu. Yakiwa maangavu yaachwe yatiririke. Yakitoka na mchanga, ujue tuta linaliwa kwa chini. Tuta lilikatika usiku, na hata hilo si baya kuliko lililofuata. Mto uliposhuka, ile sehemu ya tuta iliyobaki imesimama ikayazuia maji ndani ya mashamba kama ukuta wa birika, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuweka hata bomba moja la kuyatoa. Mikunde ikaoza, migomba ikageuka manjano, na watu wakalitoboa tuta kwa majembe. Kisha bamvua, yaani bahari kujaa kupita kawaida, likaja na kuingiza maji ya bahari kupitia matundu hayohayo.

Mlango wa maji unaotakiwa si kitu kigeni. Ni bomba la zege la kipenyo cha sentimita 60 hivi chini ya tuta, penye sehemu ya chini kabisa ya shamba, na kilango cha bawaba upande wa mto. Bawaba ziwe juu, na fremu iinamishwe kidogo ili kilango kilale chenyewe. Mto ukishuka au bahari ikipwa, maji ya shambani hukisukuma na kutoka. Bahari ikijaa, hujifunga bila mtu kukigusa. Kinachoharibika kinajulikana pia. Kijiti kimoja cha mkoko kikinasa ukingoni, chumvi huingia usiku kucha. Tope hujaa mbele ya kilango kikashindwa kufunguka. Bawaba za chuma cha kawaida huliwa na kutu, na kilango cha chuma huibwa kikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Basi kiwe cha mbao ngumu ya mbambakofi, bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na mpira wa tairi kuukuu upigiliwe ukingoni. Upande wa shamba uwekwe wavu wa kuzuia takataka, usafishwe kila baada ya mvua kubwa.

Pampu zinazogawiwa nazo zina mambo yake. Wakati wa kiangazi mto hupungua nguvu na bahari hupanda ndani, hasa siku za bamvua. Maji ya chumvi ni mazito, hukaa chini. Matamu hupita juu. Mkulima anayetupa mpira wa kuvutia maji hadi sakafuni mwa mto anamwagilia bahari. Mpira ufungwe kwenye dumu tupu la lita 20 lielee, mdomo ukae nusu mita chini ya uso wa maji, na pampu iwashwe maji yakiwa yamepwa, si yakijaa. Kipima chumvi cha mkononi kikisoma chini ya 0.7 dS/m (desisimensi kwa mita, kipimo kinachoonyesha chumvi majini), mwagilia bila wasiwasi. Kikizidi 3, zima pampu. Maharage na vitunguu hudhurika mapema, mahindi hufuata, kunde huvumilia zaidi ya hayo yote. Shamba lililoingiwa na chumvi huoshwa kwa maji matamu ya kina cha sentimita 30 ili kusafisha udongo wa sentimita 30, na sehemu kubwa ya chumvi huondoka, lakini pale tu penye mtaro wa kuyatoa. Tunarudi kwenye mlango wa maji.

Na visima, Mhariri. Baada ya kila mafuriko hufika kikosi cha kumwaga dawa ndani ya maji ya tope, kikapiga picha kikaenda. Tope huimaliza klorini kabla haijaua kitu. Kwanza kisima kisafishwe na maji yatulie. Kisima cha kipenyo cha mita 1.2 chenye maji ya kina cha mita 2 kina lita 2,260 hivi. Kinahitaji lita 2 na robo za dawa ya maji yenye klorini ya asilimia 5, isiyo na manukato. Maji yakae kwa muda wa saa 12, kisha yachotwe na kumwagwa mpaka harufu ipungue. Wala kisikaushwe kwa pampu kubwa. Pwani, kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo, kwa hiyo ukiyashusha kwa pupa unaiita chumvi ije juu. Wenzetu wa Lamu, ambao maji ya mji wao hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, wanapiga kelele kuhusu ujenzi juu ya vilima hivyo kwa sababu hiyohiyo, na wana haki.

Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji. Tuta lisijengwe tena kabla chama cha bonde husika hakijatia saini mahali pa kila mlango. Kila shamba litoe pishi moja ya mahindi kila mavuno kwa ajili ya bolti, mpira na ujira wa kusafisha wavu. Kipimo cha mti chenye alama za sentimita kisimikwe Baricho, penye mitambo ya maji, na redio za Malindi zisome kimo cha mto kila jioni pamoja na saa za kujaa na kupwa. Ukaguzi wa vilango wapewe akina mama watatu wanaolima sehemu ya chini kabisa, kwa kuwa maji yakikwama, yanakwama kwao kwanza.

Mkulima wa bonde la Sabaki,
Malindi