Mashua haiuzwi, na salamu kutoka kusini kabisa

Assalaam aleikum mama. Fatma msomee yote usiruke, hata pale pa ami.

Sauti zenu za Whatsapp zimeingia zote siku moja, intaneti ya meli ndivyo ilivyo. Nimemskia ami Athman akicheka ati nimevuka dunia nzima kwenda kuangalia ndege. Haya, nianze na hao ndege kisha tuje kwa mashua ya baba anayotaka iuzwe.

Ami, wageni wetu wanalipa maelfu ya dola kuja kuwaona hao unaowacheka. Tukitoka Ushuaia, Argentina, ni kama siku mbili za bahari chafu mpaka tuione barafu ya Antaktika, na wazee wa watu wako nje tangu alfajiri, darubini shingoni, chai hawaitaki, wanamngoja albatrosi. Mama, akikunjua mabawa ni mita 3 na zaidi ncha kwa ncha, na hapigi bawa! Anateka upepo juu ya wimbi, anashuka, anageuka, anapanda tena, kama jahazi limetweka tanga, na meli haimwachi nyuma.

Sasa skizeni. Juzi mtaalamu wao wa ndege yuko mbele na wageni wote, mimi nafunga kamba huku tezi, nikaona mbali ndege wanajitupa majini pale pale pamoja. Si ndivyo marehemu baba alivyotafuta jodari nje ya Kiwayu? Nikapiga ukelele. Kumbe nyangumi, ndege wamemjaa juu, na kati yao albatrosi wa kichwa cheusi mgongo wa kijivu ambaye wageni walikuwa wakimlilia tangu tung'oe nanga. Sasa nikiwa zamu mtaalamu ananiita juu, na mzee mmoja Muingereza ameniachia darubini yake. Chuo sikusoma, ni macho ya watu wa Lamu hayo. Mwambieni ami.

Baridi ipo, tuiwache. Nakula vizuri.

Kuna kandege keusi, kadogo, kiuno cheupe, kananing'iniza miguu kakitembea juu ya maji. Mtaalamu asema huku kukiingia baridi kali wanapanda mpaka Bahari ya Hindi, mpaka huko kwetu nje. Wao hawana mkataba wa kumaliza. Usiku tunafunga mapazia na kupunguza taa za nje manake mwangaza unawavuta wanajigonga melini, asubuhi nazunguka dekini nawaokota, nawatia boksi mpaka wakauke nawaachia. Siku moja nimekashika kamoja mkononi, hakana uzito, nikaikumbuka nyumba ghafla, kahawa ya Langoni, kelele za punda, na arusi ya Salma mliyocheza bila mimi.

Na hapo kwa arusi ndipo ninapokasirika. Pesa nilotuma ilikuwa ya kalafati, kuziba nyufa za mashua, na mbao za chini, si ya kupamba ukumbi. Ami asema ilisaidia pakubwa. Ilimsaidia nani? Sasa ati mashua imeoza, bora auziwe yule mwenye nyumba Shela aiweke bustanini aitie maua. Mashua ya baba itiwe maua! Mama ana thumuni yake ya urithi, zilobaki ni zetu mimi na Shee na Fatma, ami hana fungu hapo, akibisha aende kwa kadhi.

Mwezi huu natuma kwa simu ya Fatma. Fatma, mpe fundi wa Matondoni mkononi, nusu sasa, nusu akimaliza. Ya dawa za mama iko mbali, usichanganye. Na nataka picha fundi akiwa anapigilia, si picha ya mbao zimelala.