Barua kwa Mwanangu Kuhusu Atlasi ya Anatomia

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma asubuhi kabla ya zamu, nikaurudia mchana, na sasa wa nyumbani wamelala ndipo napata nafasi ya kukujibu kwa urefu. Umeuliza ununue atlasi gani ya anatomia, yaani kitabu cha picha za viungo vya mwili. Swali hilo ni jepesi. Kilichoninyima raha ni maneno uliyoongeza mwishoni, kwamba utachukua ile yenye michoro mizuri kuliko zote, kwa sababu mwili ukishaujua kwenye karatasi chumba cha kupasulia maiti hakitakupa tabu.

Hapo nakuomba usimame kwanza. Miaka yote niliyofanya kazi chumba cha upasuaji sijaona tumbo la mtu lililofanana na ukurasa. Kitabuni ateri, mishipa itoayo damu moyoni, ni nyekundu, vena, mishipa iirudishayo, ni bluu, neva, yaani mishipa ya fahamu, ni za njano, mishipa ya limfu ni kijani. Rangi hizo amezipanga mchoraji ili jicho lako lipate njia. Kwa mgonjwa aliye hai utakuta mafuta, tando na damu, na neva nyembamba nyeupe ambayo hata daktari mzoefu huitafuta taratibu asije akaikata. Kwa maiti iliyohifadhiwa kwa dawa, karibu kila kitu kimefifia na kuwa rangi ya udongo. Nimewaona wanafunzi wazuri, waliofaulu mitihani ya nadharia, wakiduwaa mbele ya kwapa lililofunguliwa kwa sababu walikuwa wanatafuta ile njano.

Sikukatazi michoro. Anayeanza anaihitaji, kwa kuwa mchoraji ameshakuondolea mafuta na tando na kukuachia kile unachopaswa kujifunza. Ile ya Netter, ambayo umesema wenzako wengi wanayo, ni ya mtu aliyeujua mwili kwa mikono yake. Frank Netter alikuwa daktari. Atlasi yake ilitoka mwaka 1989, akafariki 1991. Ujanani alisomea uchoraji, jamaa zake wakamsukuma aache akasome udaktari. Akasoma, akahitimu, na bado brashi ikamrudisha kwake. Unajua kwa nini nakutajia habari hiyo, na baba yako naye anajua. Sitaendelea nayo.

Ya Grant, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1943, naipenda kwa sababu michoro yake ilifuata miili halisi iliyopasuliwa, na maelezo yake hukuambia pale ambapo watu hutofautiana. Ya Sobotta ni ya Wajerumani, ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa kawaida huja katika juzuu tatu. Ni nzuri, ila fikiria utakavyoibeba. Ya Thieme huweka maelezo marefu kando ya picha, inamfaa anayetaka kusoma na kutazama kwa pamoja. Halafu ipo ya Rohen na Yokochi, ambayo ni picha zilizopigwa kwa kamera kutoka kwa maiti. Hiyo hutaipenda ukiifungua mara ya kwanza. Haina rangi za kuvutia, na utachoka kutambua kipi ni kipi. Lakini ndiyo iliyo karibu zaidi na meza utakayosimama mbele yake.

Atlasi zile ulizojaza kwenye simu, mwanangu, zifute. Mtaka yote hukosa yote. Leo unatazama bega kwenye hii, kesho kwenye ile, kila moja imelichora kwa pembe yake na kwa majina yake, na siku ya mtihani huna hata moja kichwani. Tena nyingine ni nakala za wizi zenye kurasa zilizoruka. Umelelewa vizuri kuliko hivyo.

Ukienda maktaba fanya hivi. Chukua atlasi tatu, uzifungue zote kwenye kwapa. Kwapa halimfichi mchoraji mvivu, kwa sababu mle mmesongamana ateri, vena, tezi za limfu na ule mtandao wa neva unaotoka shingoni, kuanzia neva ya tano ya shingo hadi ya kwanza ya kifua, ukaenda kugawanyika mkononi. Angalia kama picha inakuonyesha tabaka moja baada ya jingine au imekumwagia yote kwa mara moja. Angalia kama unajua mtazamaji amesimama upande gani. Fuata mistari ya majina kwa kidole uone kama inafika mahali pake au inapotea katikati ya msuli. Kisha funika majina kwa karatasi ujiulize ni mangapi unayakumbuka. Atlasi itakayokuacha na mengi ndiyo yako, hata kama ni mbaya kwa sura. Waulize na walimu wako wanafundisha kwa majina ya Kilatini au ya Kiingereza, maana matoleo hutofautiana, na wala usione haya kuchukua toleo la nyuma kidogo. Mifupa 206 ya mtu mzima haijaongezeka. Kinachoongezwa mara nyingi katika matoleo mapya ni picha za CT na MRI, zile za mashine zinazoonyesha ndani ya mwili, na hizo utazipata kwingine. Ukizitazama hizo za CT, kumbuka mgonjwa huangaliwa kutoka miguuni, kwa hiyo ini lake litakuwa kushoto kwako. Usiligeuze.

Ningekuwa mimi, ningenunua moja ya michoro, ile walimu wako wanayoitumia, kisha kila kabla ya siku ya kupasua ningeazima ya picha nikatazame sehemu ileile. Pesa ya kitabu kimoja ipo. Ya viwili haipo kwa sasa, na usimwombe mjomba wako.

Lakini narudi palepale. Kitabu kitakuonyesha mwili mmoja, nawe utadhani ndio miili yote. Jaribu jambo dogo: gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo cha mkono kidogo. Katikati utaona kano nyembamba ikisimama. Ni ya msuli unaoitwa palmaris longus. Jana nilimfanyia mdogo wako. Mkono wa kulia ipo, wa kushoto haipo, na mkono wake hauna upungufu wowote. Wapo wengi wa namna hiyo, na atlasi nyingi zitakuchorea kano hiyo kana kwamba kila mtu anayo. Kwa kano haidhuru. Sasa fikiria kifuko cha nyongo. Ateri yake kwa kawaida hutoka kwenye ateri ya ini ya upande wa kulia, lakini kuna watu ambao kwao hutoka kwingine, na kuna wenye mbili. Daktari anayeamini ukurasa kuliko macho yake anaweza kukata asichokusudia. Nimesimama kwenye vyumba ambamo watu wote walinyamaza ghafla, nami najua maana ya ukimya ule. Sitaki uwe wewe uliyeshika kisu.

Kuna ile atlasi nyingine uliyoitaja, ya Pernkopf, ukasema hujawahi kuona michoro kama ile. Ni kweli, huenda hakuna aliyechora neva vizuri zaidi. Ila hukuuliza waliochorwa ni akina nani. Eduard Pernkopf alikuwa mfuasi wa chama cha Nazi cha Hitler, na mkuu wa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Vienna, Austria, kuanzia mwaka 1938. Chuo kile chenyewe kilipochunguza baadaye, miaka ya 1990, kilibaini kwamba taasisi yake ya anatomia ilipokea maiti zaidi ya 1,300 za watu waliouawa na utawala wa Nazi. Baadhi ya wachoraji wake walitia alama za Kinazi kando ya sahihi zao. Kitabu hicho hakichapishwi tena. Wapo madaktari wa upasuaji wa neva ambao bado hukifungua wanapokwama, na viongozi wa dini ya Kiyahudi wamekaa wakalijadili jambo hilo. Hukumu yao ni kwamba kuokoa maisha kunaweza kuruhusu, mradi kila mtu aambiwe kilitoka wapi. Wewe hujakwama na mgonjwa mezani. Unatafuta uzuri. Usianzie hapo.

Mwanangu, mtu utakayemkuta kwenye meza ile alikuwa na jina, na huenda alikubali mwenyewe ili wewe ujifunze. Usimpige picha. Usimcheke, hata wenzako wakicheka. Usimwite kwa namba ya meza mbele yangu ukija likizo.

Na chora. Nasema tena, chora, kwa penseli, kila siku ukitoka kupasua, kile ulichokiona na si kile kilichomo kitabuni. Kalamu zako za rangi zipo, hakuna aliyezitupa, ziko juu ya kabati la bibi yako. Nitazituma pamoja na koti jeupe. Koti nimelipunguza mikono, nimetumia kipimo cha shati lako la zamani, sasa kama umeongezeka uniambie mapema.

Goti la baba yako bado linamsumbua na bado hataki kwenda kupigwa picha. Labda akisikia kutoka kwako atakwenda, mimi nimechoka kumwambia. Mdogo wako amehamia kwenye meza yako ya kusomea. Nimemruhusu, usimgombeze. Paa la jikoni limeshatengenezwa. Bibi anauliza kila siku kama umeshakuwa daktari, nami namjibu bado kidogo, naye hufurahi vilevile.

Ukishaamua kitabu, niandikie jina lake na toleo kamili, pamoja na tarehe ya kuanza kupasua. Na uniambie umeshafuta zile za kwenye simu.

Mama yako