Shimo Lako la Majitaka Linatakiwa Kujaa

Simu nyingi tunazopokea wakati wa masika huanza kwa maneno yaleyale: shimo limejaa, gari la kunyonya lilikuja mwezi uliopita tu, na sasa limejaa tena. Mpigaji huwa amekwisha kuamua kwamba wenye gari walinyonya nusu wakatoza bei kamili, au kwamba fundi aliyejenga alipunja vipimo. Yawezekana, na tumewahi kuyakuta yote mawili. Hata hivyo, mara nyingi zaidi tunachokikuta ni tenki zima, lenye ukubwa wa kutosha, ambalo mwenyewe hakuelezwa linavyofanya kazi. Sisi ni kampuni ndogo ya hapa Dar es Salaam inayojenga, kukagua na kukarabati mifumo ya majitaka ya nyumba, hosteli na migahawa, na tumeona ni vyema tuyaandike yale ambayo kwa kawaida tunayaeleza tukiwa tumesimama kando ya chemba huku mteja ameziba pua.

Tenki la septiki hujengwa ili lijae. Maji hupanda hadi kufikia bomba la kutolea katika siku chache za mwanzo, kisha hubaki katika kimo hicho miaka yote. Kila ndoo inayoingia upande mmoja husukuma ndoo nyingine itoke upande wa pili kuelekea shimo la kunyonya, ambalo kuta zake zimeachwa matundu ili maji yaingie ardhini. Tuchukue familia ya watu 6 wanaotumia lita 100 za maji kila mmoja kwa siku, yaani lita 600 kwa jumla, na tenki la lita 3,000. Gari likilinyonya tenki hilo lote Jumatatu, kufikia Jumamosi litakuwa limejaa tena hadi kwenye bomba la kutolea, na hapo ndipo litakapoanza tena kazi yake. Mteja anayefunua mfuniko wiki moja baadaye na kukuta maji yako juu hajaibiwa. La kuangalia ni kama maji yamesimama usawa wa bomba la kutolea au yamelipita. Yakiwa yamelipita na kuanza kurudi chooni, basi njia ya kutokea imeziba, na kuita gari la kunyonya wakati huo ni kujinunulia siku tano.

Ndani ya tenki kuna matabaka matatu. Vitu vizito huzama na kuwa tope, mafuta na vitu vyepesi huelea juu na kufanya ukoko, na katikati hubaki maji ambayo ndiyo peke yake yanayopaswa kutoka. Tope hilo halikai bure. Humo wanaishi bakteria wasiohitaji oksijeni, ambao huyavunja mabaki hayo kwa hatua: kundi moja huyayeyusha mafuta, protini na wanga, jingine hugeuza kilichoyeyuka kuwa asidi, na kundi la mwisho, ambalo ni la viumbe wa jamii tofauti kabisa na bakteria, huila asidi hiyo na kutoa methani na kaboni dayoksaidi, gesi zinazopandia bomba la hewa. Hawa wa mwisho ndio wavivu na wadekezwa wa nyumba nzima. Huzaliana polepole, hawapendi asidi nyingi, hawavumilii oksijeni, na wakidhoofika wao asidi hulimbikizana, kazi ya wenzao nayo huzorota. Joto la pwani yetu huwafaa sana, na hiyo ni bahati ambayo mafundi wa nchi za baridi hawanayo.

Aliyewahi kugandisha maziwa nyumbani ataelewa kwa nini tunawashauri wenye magari wasilikwangue tenki hadi sakafuni. Kama vile mgando kidogo unaobaki kibuyuni unavyoyaanzisha maziwa mapya, tope kidogo linalobaki chini huwa chachu ya tope lijalo. Si lazima, kwa sababu kinyesi chenyewe huja na bakteria wake, lakini huwahisha mambo.

Pamoja na chachu, tenki linahitaji muda na utulivu. Majitaka yanapaswa kukaa humo angalau siku nzima, na siku mbili ni bora zaidi, ili vilivyomo vipate kuzama. Hapa ndipo kiwanja kile kile cha familia ya watu 6 kinapogeuka tatizo. Mwenye nyumba hujenga vyumba vya uani, kisha ghorofa, wapangaji hufika 24, na bomba zote huelekezwa kwenye tenki lilelile la lita 3,000. Sasa zinaingia lita 2,400 kwa siku. Tukiondoa theluthi moja ya nafasi ambayo imeshikwa na tope na ukoko, zinabaki lita 2,000, maana yake maji yanapita humo kwa saa 20 tu, na asubuhi watu wote wanapooga kabla ya kwenda kazini yanapita kwa kasi zaidi ya hiyo. Tope linavurugwa, linatoka pamoja na maji, linakwenda kukandika kuta za shimo la kunyonya. Mwenye nyumba anaona matokeo miezi kadhaa baadaye na analilaumu gari. Tenki lililojengwa kwa vyumba viwili, cha kwanza kikichukua takribani theluthi mbili ya ujazo wote, na lenye mabomba ya umbo la T kwenye maingilio na matokeo, huvumilia zaidi. Tenki la chumba kimoja lisilo na T halivumilii hata kidogo.

Kuhusu vinavyoingizwa chooni tungeweza kuandika kurasa nyingi, lakini tutataja vile tunavyovitoa kwa mikono yetu wenyewe. Pampasi, taulo za kike na vitambaa haviozi ndani ya tenki na hakuna bakteria wa kuvilaumu. Mafuta ya kukaangia ni mabaya zaidi kwa sababu huingia yakiwa maji na kuganda huko ndani. Tulipofungua chemba ya mgahawa mmoja wa chipsi tulikuta ukoko mgumu kiasi cha kubeba tofali, na dawa yake haikuwa kunyonya bali kujenga mtego wa mafuta baina ya sinki na tenki, ambao sasa wafanyakazi wanausafisha kila wiki. Dawa za kusafishia choo kwa kiasi cha kawaida cha nyumbani haziliharibu tenki, ila kumwaga galoni nzima ya klorini au magadi makali ya kuzibulia mabomba huweza kuwaua wakazi wake kwa siku kadhaa. Maji ya mvua ya paa, ambayo mafundi wengine huyaunganisha humo kwa kuokoa bomba, hayana sumu yoyote lakini mvua moja ya masika huweza kulisafisha tope lote na kulipeleka kwenye shimo la kunyonya.

Wengi hutuuliza kuhusu unga wa bakteria unaouzwa madukani kwa ahadi kwamba tenki halitajaa tena. Sisi hatuuuzi. Shirika la serikali la Marekani linalosimamia mazingira lilikwisha kueleza kwamba viongezeo vya namna hiyo havihitajiki ili tenki la nyumbani lifanye kazi, na uzoefu wetu hautofautiani na maelezo hayo. Tenki linalopokea kinyesi kila siku halina upungufu wa bakteria. Likiwa na upungufu, basi ni wa nafasi, wa muda, au wa njia ya kutokea, na hakuna unga unaoongeza nafasi.

Tuje sasa kwenye shimo la kunyonya, ambalo kwa maoni yetu ndilo mgonjwa halisi katika nyumba nyingi. Hata tenki zuri huondoa theluthi moja hadi nusu tu ya uchafu unaohitaji oksijeni ili uoze, na maji yanayotoka, hata yakionekana meupe, bado yamebeba vijidudu vya maradhi. Kazi iliyobaki hufanywa na udongo. Pale maji yanapokutana na udongo hujengeka utando mweusi unaoteleza, uliojaa bakteria, na utando huo ukiwa mwembamba ni rafiki, kwa maana huyachuja maji na kuyapunguza kasi. Ukilishwa tope na mafuta huwa mnene, matundu ya udongo huziba, na shimo hugeuka kuwa kisima kisicho na pa kumwaga. Tiba ya kwanza tunayopendekeza si kuchimba upya bali kulipumzisha: tunajenga shimo la pili na kuweka chemba ya kugawia, ili moja likifanya kazi jingine likauke, hewa iingie, na bakteria wanaotumia oksijeni waule utando huo wenyewe. Hilo huchukua miezi, si siku, na mteja mwenye haraka hatupendi kumdanganya.

Kuna mahali ambapo hata mashimo mawili hayasaidii. Udongo wa mfinyanzi hunyonya kidogo mno ukilinganisha na mchanga. Katika maeneo ya chini, kama yale ya bonde la Msimbazi, maji ya ardhini hupanda wakati wa mvua hadi yakaingia shimoni kutoka nje, na hapo shimo hujaa hata nyumba ikiwa haina mtu. Kanuni ya kawaida ni kwamba sakafu ya shimo la kunyonya iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini na shimo lenyewe liwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima cha maji ya kunywa. Katika viwanja vyetu vilivyobanana, ambapo kisima cha jirani kiko nyuma ya ukuta, kanuni ya pili ni ngumu kutimizwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuyasafisha maji zaidi kabla hayajafika ardhini. Wapo pia wanaosubiri mvua kubwa wakatapisha choo usiku, kinyesi kikafuata mfereji hadi kwa wengine. Jiji lililoona kipindupindu kikianza Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi ya nchi halihitaji kuelezwa kwa nini hatufanyi kazi hiyo, kwa malipo yoyote.

Tope linalonyonywa kihalali hupelekwa kwenye mabwawa ya majitaka kama yale ya Vingunguti, ambako bakteria wa chini hula bila oksijeni na wale wa juu hutumia oksijeni inayotengenezwa na mwani kwa nguvu ya jua. Ni kazi ileile ya tenki, ila imepewa eneo na siku nyingi zaidi. Kabla ya kulipa, muulizeni dereva anakwenda kumwaga wapi.

Kwa hosteli, shule na hoteli ndogo, ambako maji ni mengi na ardhi haitoshi, tunajenga hatua mbili baada ya tenki. Ya kwanza ni tenki lenye kuta za ndani zinazoyalazimisha maji kushuka na kupanda chumba baada ya chumba, yakipita kila mara katikati ya tope lililo hai badala ya kuelea juu yake. Ya pili ni kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, ambacho maji hupita chini ya uso wake bila kuonekana na bila kuzalisha mbu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamevifanyia kazi vitanda hivi kwa miaka mingi wakitumia matete ya hapahapa nchini. Kinachosafisha hasa ni bakteria walioshika kokoto na mizizi, ingawa wageni hudhani ni majani. Maji yanayotoka yanafaa kumwagilia bustani ya maua na miti, mchicha hatuushauri.

Mabaki ya jikoni tunawaomba wenye migahawa wasiyasukumie kwenye sinki, kwa sababu kinacholilemea tenki ndicho chakula bora cha mtambo wa biogesi. Mitambo ya kuba iliyofukiwa ardhini, ambayo kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini, CAMARTEC, cha Arusha kimeieneza tangu miaka ya 1980, huanzishwa kwa samadi iliyochanganywa na maji kwa vipimo sawa. Kilo 1 ya samadi ya ng'ombe hutoa takribani lita 30 hadi 40 za gesi, na mabaki ya chakula hutoa zaidi ya hapo kwa kilo. Hatari yake iko katika wingi huohuo. Wali na ugali huchacha upesi, na mpishi akimwaga makombo ya harusi nzima kwa siku moja asidi itawalemea watengeneza methani, gesi itakataa kuwaka, na mtambo utahitaji wiki kadhaa za kunyimwa makombo na kulishwa samadi kidogokidogo ili upone.

Jambo moja tunalisema kwa kila mteja, hata asiyeuliza. Asiingie mtu ndani ya tenki wala shimo, hata likiwa limenyonywa, hata kwa dakika moja ya kuokota ndoo. Gesi ya hidrojeni salfaidi inayonuka kama yai viza hunuka ikiwa kidogo. Ikizidi huua uwezo wa pua kuihisi, na mtu huanguka akidhani harufu imeisha. Anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Kazi zetu zote za ukaguzi tunazifanya tukiwa juu, kwa fito ndefu iliyofungwa kitambaa cheupe: tunaizamisha hadi sakafuni, tunaitoa polepole, na alama nyeusi kitambaani hutuonyesha kina cha tope. Tope na ukoko vikifikia theluthi moja ya kina cha tenki, ni wakati wa kunyonya. Vikiwa chini ya hapo, tunakuambia usubiri na gharama yako ni ya ukaguzi tu.

Ukitupigia, tafadhali uwe na majibu ya mambo machache: watu wangapi wanatumia vyoo hivyo, tenki lilinyonywa lini, maji yanarudi muda wote au wakati wa mvua tu, na kisima kilicho karibu kiko umbali gani. Na zaidi ya yote, tujue mfuniko uko wapi. Wiki mbili zilizopita tulitumia asubuhi nzima kuutafuta mmoja, tukaupata chini ya vigae vipya vya baraza ambavyo mwenye nyumba alikuwa amemaliza kuvilipia.