Ukibadili saizi ya tairi, kontrolboksi nayo isetiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na wenye magari ya porini yaliyotumika, na zaidi nizungumze na mafundi wenzangu, kwa sababu hili jambo sisi ndio tunaliacha lipite. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Arusha na gari ninazokutana nazo sana kwenye tatizo hili ni Jeep Wrangler zile za 2007 mpaka 2018. Mtu ananunua, kitu cha kwanza anainyanyua na kuivalisha tairi za inchi 35, anapiga picha, anaingia barabarani. Duka la tairi limeshachukua hela yake, fundi aliyenyanyua ameshalipwa, na kontrolboksi, yaani kompyuta ya gari, bado imeshika saizi ya tairi za kiwandani. Mwenye gari hajaambiwa na mtu yeyote. Hilo ndilo linaloniuma.

Gari haipimi barabara, inahesabu mizunguko ya tairi halafu inazidisha kwa saizi iliyoandikwa ndani ya kompyuta. Basi. Tairi ya kiwandani ya Rubicon, ile Wrangler ya porini zaidi, saizi 255/75R17, ina kipenyo cha milimita 814 hivi, ikizunguka mara moja gari inasogea mita 2.56. Ya inchi 35 kwa saizi iliyoandikwa ubavuni ni milimita 889, mzunguko mmoja ni mita 2.79. Hapo tofauti ni kama asilimia 9, na gari haina habari nayo. Dashibodi ikisoma 50 wewe unakaribia 55, ikisoma 100 unakwenda 109, na ukipita kijijini penye kibao cha 50 ukapigwa tochi utabishana na trafiki huku unaapa, na kweli kwa macho yako uliona 50, lakini tochi ndiyo iko sahihi. Acha faini, kuna watoto wanavuka pale, na gari imeshakuwa nzito na tairi kubwa breki zake zinashika kwa shida zaidi kuliko zamani.

Najua kuna watu watasema mshale wa spidi kiwandani huwa unasoma juu kidogo kuliko mwendo halisi, kwa hiyo tairi kubwa inasawazisha. Ni kweli unasoma juu kidogo na sehemu ya hiyo 9 inamezwa humo, ila kiasi gani kinamezwa kwenye gari yako hakuna anayejua mpaka upime. Weka simu yenye jipiesi, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, tembea mwendo mmoja bila kubadilisha, mwenzako asome simu wewe ushike usukani.

Halafu kuna kilometa. Kwa hesabu ya saizi zile zile, dashibodi ikihesabu 10,000 gari imetembea kama 10,900, maana yake oili unachelewa kubadilisha, na ukipiga hesabu ya mafuta unaona gari inakunywa kuliko inavyokunywa kweli. Na wewe unayenunua gari ya mkononi hapa ndipo pa kufungua macho, maana aliyekutangulia anaweza kuwa ametembelea tairi za 35 miaka yote bila kuseti, ukauziwa gari yenye kilometa pungufu wala hakuna aliyechezea mita. Au kinyume chake, aliseti vizuri kwa 35, siku ya kuuza akazivua akarudisha ndogo, sasa dashibodi inakudanganya kwenda juu. Kwa hiyo usidhani kontrolboksi ya gari used ina namba za kiwandani, isome kwanza ndio uandike.

Kuseti kwenyewe si uchawi. Kuna vifaa vya kuchomeka kwenye soketi ya dayagnosisi chini ya dashibodi, unachagua saizi ya tairi, unaandika, umemaliza. Lakini wengi wanaandika inchi 35 kwa sababu ndiyo imeandikwa ubavuni, wakati tairi ikishabeba uzito wa gari na upepo wa kawaida inakaa chini na haifiki 35. Jaza upepo unaotumia siku zote, piga alama ya chaki kwenye tairi na chini sakafuni, sukuma gari ikiwa imenyooka mpaka alama irudi chini, pima kwa futi ya fundi ule umbali, gawanya kwa 3.14. Namba inayotoka ndiyo ya kuandika. Betri iwe nzima, ikiwezekana iwekwe kwenye chaja, swichi iwe on na injini imezimwa, zima redio, feni na taa, na mtu asiguse chochote mpaka kifaa kiseme tayari, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika unaweza kuiua kontrolboksi na hapo bei inakuwa nyingine kabisa.

Kama unanunua kifaa used kuwa makini, baadhi vinajifunga kwenye namba ya chasisi ya gari moja, mwenye nacho asipokifungua kwenye gari yake ya kwanza wewe umenunua plastiki. Na Wrangler za toleo lililoanza 2018 zina kizuizi cha usalama kwenye mfumo wa kompyuta, kifaa cha zile za zamani hakiingii hivi hivi.

Kitu kingine ni resho ya difu, yaani shafti inazunguka mara ngapi ili tairi izunguke mara moja. Hizi gari zilitoka na resho tofauti, 3.21, 3.73, 4.10, na aliyekuwa nayo kabla yako anaweza kuwa amebadilisha akaweka 4.88 asikwambie. Ukiseti tairi ukaacha resho ya uongo bado mambo hayakai sawa, gia otomatiki inapanda inashuka inapanda inashuka hasa kwenye mlima. Na niseme wazi, kuseti kompyuta kunarudisha mpangilio wa gia na spidi, hakurudishi nguvu. Gari ya 3.21 ikivalishwa 35 itakuwa nzito tu, dawa yake ni kubadilisha difu ya mbele na ya nyuma zote mbili, ziwe resho moja.

Mafundi wenzangu na wenye maduka ya tairi, ninachoomba ni kwamba kuseti kuwe sehemu ya kazi ya kufunga tairi na siyo jambo la kumwachia mteja aje aligundue mwenyewe barabarani. Kama huna kifaa mwambie huna, mwelekeze kwa mwenye nacho, na kwenye risiti andika saizi ya zamani, saizi mpya na kilometa zilizokuwa zinasoma siku hiyo. Ile karatasi siku gari inauzwa ndiyo itamwambia mnunuzi kilometa zilizobaki za kuamini ni zipi. Na spea ya nyuma jamani iwe saizi moja na zile nne, narudia saizi moja, mtu anafunga spea ndogo ya kiwandani upande mmoja halafu anaingiza fowili kwenye lami, pale difu inasaga na taa za ABS zinawaka, na hakuna kuseti kutakakomsaidia.

Fundi umeme wa magari,
Arusha